Dini ya jirani na mdomo wangu: yaliyonikuta mimi hapa Mombasa

Mleta mada umeuliza, mtu akisema ama akiandika kitu kinachoudhi dini ya mwenzake, azibwe mdomo ama aachwe kwa sababu katiba imempa uhuru wa kusema? Naona wengi mshajibu "heshima kwanza" mkapita zenu. Mimi nitaandika kirefu, mnivumilie, maana hili limenipitia pande mbili. Nshawahi kuwa mtukanaji, na nshawahi kuwa askari wa kuzuia watu wasitukane, na kote kuwili nilikosea.

Mimi mtoto wa Majengo, Muislamu, nimelelewa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi mmoja, ua mmoja, choo kimoja. Chumba kilichoelekeana na chetu alikaa mama mmoja na wanawe, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili bila kukosa, sote tukimwita Mama Mtaita. Jioni alikuwa akipika viazi karai pale barazani, unga wake una bizari kidogo, ukwaju wake umekolea pilipili mpaka pua inafunguka. Mimi nikitoka chuoni, yaani madrasa, naenda na pesa ya viazi vitatu, napewa vinne. Kila siku. Siku sina kitu napewa viwili natumwa maji.

Nilipofika miaka kumi na sita hivi nikaanza kwenda mihadhara Mwembe Tayari. Kwa wasioijua, watu wanajaa jioni, kuna spika, kuna meza ina Biblia na Msahafu, mhadhiri anazungumza na kando yake kuna mtu kazi yake kusoma tu. "Soma!" anasoma. "Rudia hapo!" anarudia. Halafu mhadhiri anaichambua ile aya, na Mkristo yeyote mwenye jibu ama swali anapewa maikrofoni. Na walikuwa wanakuja, wengine wamejipanga sawasawa walahi, wanajibu kifungu kwa kifungu, watu wanaguna, wanacheka, ikiadhiniwa magharibi kila mtu na njia yake, na mara ngapi nimewaona waliokuwa wakitoleana macho pale mbele wamesimama kwa muuza kahawa wanaendelea kubishana kwa sauti ya chini, kashata mkononi.

Sasa mimi nikachukua niliyoyasikia nikayaleta nyumbani. Jioni moja Mama Mtaita yuko kwenye karai lake nikamsomea Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", nikamuuliza sasa huyo Mungu wenu ana mkubwa wake? Hakusema kitu, anageuza viazi. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini kulikuwa na vijana wenzangu watatu barazani, wakacheka, nami nikanogewa, nikaivamia ile ibada yao ya mkate na divai, nikachukua kiazi kwenye sinia nikakiinua juu kwa mikono miwili nikafumba macho kama padri, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wale wakajiangusha kwa kicheko. Mama Mtaita akapangusa mikono kwa leso yake, akaniuliza, "Vyako vingapi?" Nikasema vitatu. Akanihesabia vitatu.

Toka siku hiyo viazi vyangu vikawa vya kuhesabiwa. Miaka mitatu, mpaka nilipohama. Salamu alikuwa anaitikia, nikiugua ananiulizia kwa mamangu, lakini kile cha nne sikukiona tena.

Mamangu alipopata habari hakunipiga, alinishika mkono akanipeleka kwa mwalimu wangu wa chuo, na mwalimu akaniambia nisome Surat Al-An'am aya ya 108, ile inayotukataza kuwatukana wale wanaoombwa na wengine badala ya Mwenyezi Mungu, wasije na wao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa jeuri bila kujua. Nilikuwa nimeihifadhi kitambo, naisoma kwa tajwidi safi kabisa. Maana yake ndo sikuwahi kuuliza. Na Wakristo wanayo ya kwao, Petro wa kwanza 3:15, wawe tayari kumjibu kila mtu anayewauliza kuhusu imani yao, ila kwa upole.

Hapa ndo naachana na nyinyi wa "usiguse kabisa dini ya mtu". Kosa langu halikuwa ile aya ya Yohana. Yesu si Mungu, hiyo ni imani yangu, siwezi kuwa Muislamu halafu nikaifanya siri. Na Mkristo akisema Muhammad hakuwa mtume, hiyo ndo imani yake, angeamini vyengine si tungekuwa safu moja msikitini? Tukianza kuyaita haya matusi basi sote tunyamaze, maana dini moja kuwepo tu ni kuikanusha nyengine. Ndugu zetu Tanzania walilipitia hili miaka ya tisini, mihadhara ikaitwa kashfa, neno "Yesu si Mungu" likawa jambo la polisi, mpaka ikafika yale ya msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, 1998, polisi wakapiga watu risasi.

Kosa langu lilikuwa kile kiazi. Sikuwa nazungumza na yule mama, nilikuwa nawachekesha wale watatu, yeye nimemgeuza kitu cha kuchezea, tena akiwa kazini kwake hawezi kuondoka maana mafuta yako motoni. Kule Mwembe Tayari maikrofoni ilikuwa inazunguka. Pale barazani ilikuwa yangu peke yangu.

Nikiziona zile katuni za Mtume (s.a.w.) zilizotoka Denmark 2005, na zile za gazeti la Charlie Hebdo la Paris, mimi naona kiazi changu kilekile. Zimeniuma, sitawaficha. Na wale walioingia ofisini kwao Januari 2015 wakaua watu 12 hawakunitetea mimi wala Mtume, wamefanya mchoraji akumbukwe, na sisi tulioumizwa na michoro yake tusikilizwe na nani tena? Nilikuwa na jibu langu na wao wakanipokonya.

Kuhusu sheria nisiende mbali, mawakili mko humu. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Ibara ya 32 inakupa uhuru wa dini, ya 33 uhuru wa kujieleza, na hiyo 33 yenyewe inataja visivyolindwa, propaganda ya vita, kuchochea fujo, maneno ya chuki. Mtu kuudhika tu hakumo. Lakini Kanuni ya Adhabu bado ina kifungu 138, ukisema neno ama ukifanya ishara kwa kusudi la kuumiza hisia za mtu za kidini ni jela mwaka mmoja, nacho ni cha Mwingereza, maneno yake karibu ni yaleyale aliyowaandikia Wahindi 1860 alipokuwa anataka koloni itulie. Yaani mimi na kiazi changu, kwa maandishi yalivyo, ningeweza kwenda gereza la Shimo la Tewa. Wazungu wenyewe hawajaamua, Ireland walipiga kura 2018 wakaitoa kufuru kwenye katiba yao, Denmark wakafuta sheria ya kufuru 2017 halafu Desemba 2023, baada ya watu kuchomachoma misahafu hadharani, wakatunga nyengine ya kukataza hilo. Sasa wewe unataka polisi wa kituo chetu ndo waamue kusudi langu lilikuwa nini?

Na kuna mtu hapo juu kasema watu wakiachwa waseme ovyo Mombasa itawaka. Jamani, Mombasa ilipowaka tulikuwepo. Agosti 2012 alipouawa Shehe Aboud Rogo kwa risasi, vijana walivamia makanisa, na yale makanisa yalikuwa yamemtukana nani? Hakuna. Kilichowasha moto ni mauaji na hasira iliyokuwa imelala, makanisa yakawa ndo kitu kilicho karibu. Miaka yote ile ya mihadhara, kwa niliyoyaona mimi, sikumbuki hata siku moja nyumba imechomwa kwa sababu ya Yohana 14:28.

Sasa nije kwenye uaskari. Hivi sasa nakaa Mishomoroni, na mimi ndo adimini wa grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu. Grupu ni ya maji, tokeni za stima, mbuzi waliopotea, lakini mnajua zinavyokuwa. Baada ya kuona stika za kejeli za huku na huku nikaweka amri, hakuna dini humu, atakayegusa dini ya mtu natoa. Nikajiona nimefanya la maana sana.

Kama mwezi hivi baadaye kuna binti mmoja, kajifungua juzijuzi, kaandika saa nane za usiku. Kauliza tu, kwa heshima zote, kama msikiti unaweza kuzima spika ya nje wakati wa darsa, akasema adhana haina shida, na kama lile kanisa la mabati linaweza kupunguza sauti ya kesha la Ijumaa maana mtoto halali na yeye ana mshono. Basi! Asubuhi grupu imejaa. Waislamu wanamwambia anachukia Uislamu, Wakristo wanamwambia ana pepo, mara ya kwanza nawaona wamekubaliana kitu. Na mimi bila kufikiria nikamtoa. Amri ni amri.

Mke wangu ndo aliyeniuliza jioni, "Huyo binti katukana nini?" Nikachukua simu nimsomee. Nikasoma mara mbili. Hakuna tusi. Kulikuwa na malalamiko ya kelele, na kelele zina kanuni zake nchi hii toka 2009, hata disko zinafungwa kwa hizo. Nilichofanya ni kumpa kila mwenye spika kofuli linaloitwa heshima.

Na hili kofuli huku Pwani tumeliona linavyofanya kazi, tena Kilifi hapo tu. Kwa Wakristo ukimuuliza mchungaji kitu unatupiwa "msiwaguse masihi wangu", na kwetu ukimuuliza ustadhi pesa za mchango zimekwenda wapi unaambiwa nyama ya wanachuoni ina sumu. Shakahola 2023 wamefukuliwa watu zaidi ya 400, watoto wadogo humo, na Paul Mackenzie, mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wafe, kesi yake ikaenda mahakamani. Mimi nilikuwa nimewahi kuona video zake kabla ya hapo. Nikasema ah, dini za watu. Kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwa Mama Mtaita kutogusa, na nilijifunza vibaya, nikadhani somo lilikuwa kunyamaza.

Mwaka jana nilikwenda Voi kwa msiba wa mfanyakazi mwenzangu, nikasikia Mama Mtaita bado yuko hai, anakaa kwa mwanawe, nikapitia. Mzee sana sasa, miguu imevimba, macho bado makali. Nikamuomba radhi, nikaanza kumkumbusha kiazi, akanikata.

"Kiazi nimesahau," akasema, na mimi najua hajasahau. "Ile aya uliyonisomea. Mimi nilikuwa na jibu lake, mwanangu. Nilikuwa nangoja viazi viive nikujibu. Wewe hukungoja."

Basi akanijibu. Siku ile, miaka karibu thelathini baadaye, akaomba aletewe Biblia yake, akanifafanulia kuhusu Mwana kujinyenyekeza na kazi aliyotumwa, Wafilipi mlango wa pili, chai ikapoa. Nikasikiliza yote. Nilipomaliza kusikiliza nikamwambia mama, kwangu bado haijaingia, nikamueleza kwa nini, naye akasikiliza yote, akasema haya. Hakukubali wala mimi sikukubali. Akamuita mjukuu aniletee muhogo.

Niliporudi Mombasa nikafuta ile amri ya grupu. Sasa iko moja tu, ukimsema mtu ama dini yake sema kitu anachoweza kujibu, na yeye awe yupo ajibu. Stika bado natoa, sina maelezo marefu, stika hazijibiki. Yule binti nilimpigia nikamuomba msamaha, akasema hana neno, ila kurudi kwenye grupu akakataa, anaulizia tokeni kwa jirani. Nikaenda mwenyewe kwa imamu baada ya alasiri, tukazungumza dakika kumi hazifiki, spika ya darsa ikazimwa nje, imebaki adhana. Mchungaji nimemkosa mara mbili, nimemuandikia meseji, tiki mbili za bluu ziko, nangoja jibu.