Jibu: Kamba za kijani juu ya mti Rungwe, ni kaktasi?

Salaam mkuu. Umekwama kwa sababu mmea ulioupiga picha Rungwe unaning'inia mtini kama kamba na hauna miiba, sasa hujui kama unafaa kwa utafiti wako wa kaktasi.

Anza na tunda. Likiwa dogo, jeupe, karibu liangaze, na ukilibonyeza linatoa ute unaonata vidoleni wenye mbegu nyeusi, hapo fikiria Rhipsalis baccifera, kaktasi pekee iliyoota yenyewe nje ya Amerika. Halafu chokonoa shina taratibu. Mimi nilidhani wangu ni mnyonyaji, yaani mmea unaoishi kwa kunyonya mti, hadi nilipoona mizizi imeshika gome tu, haikuingia ndani ya mti.

Mada ya utafiti ipo, tena nzuri mno: ilivukaje bahari? Wengi huwataja ndege, kwa ule ute unaonatisha mbegu. Siku hizi vinasaba ndivyo vinavyopanga ukoo huu upya. Mwaka 2017 Hylocereus, jenasi (kundi la spishi) ya kaktasi za tunda la dragoni, iliingizwa kwenye jenasi nyingine, Selenicereus. Kwa hiyo unapotafuta makala tumia na majina ya zamani. Huyu wako, kama ni Rhipsalis baccifera, aliitwa pia Rhipsalis cassutha.

Msituni omba kibali kwanza, na ukate kipande tu. Usiung'oe, tafadhali.