Chunusi sugu ukiwa kwenye dawa nyingine: anza na orodha ya unachomeza

Dada, umeuliza kama unaweza kumeza spironolaktoni aliyokupa shoga yako kwa ajili ya chunusi za kidevuni, na wewe kila siku unameza enalaprili ya presha pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Tafadhali usiimeze kwanza. Enalaprili huufanya mwili ubakize potasiamu, na spironolaktoni hufanya vivyo hivyo. Zikikutana, potasiamu inaweza kupanda kwenye damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika, na mara nyingi mtu hahisi chochote mapema. Shoga yako hakukudanganya: dawa hiyo kweli husaidia wanawake, hasa chunusi za taya na kidevu zinazochachamaa karibu na hedhi. Ila yeye hamezi enalaprili.

Mimi nina kifafa na ninatumia karbamazepini tangu usichana. Chunusi zangu zilikuwa zile kubwa za ndani, zinazouma kabla hazijatokeza na zikipona zinaacha madoa. Niliandikiwa doksisiklini na mtu ambaye hakuniuliza ninatumia dawa gani nyingine. Nikameza bila kuruka dozi, uso ukabaki vilevile. Daktari wa ngozi aliyenipokea baadaye ndiye aliyenieleza kwamba karbamazepini hulichochea ini livunje dawa nyingi kwa kasi, na doksisiklini ni mojawapo, kwa hiyo haikukaa mwilini muda wa kutosha. Vidonge vya erithromaisini vingeleta balaa la upande wa pili: hivyo hulizuia ini kuivunja karbamazepini, inajazana kwenye damu, unapata kizunguzungu, unayumba na kuona kitu kimoja kama viwili. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu anauziwa antibayotiki ya chunusi bila kuulizwa swali hata moja.

Tukafika kwenye aisotretinoini, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa chunusi sugu. Hapa wanawake tusikilizane vizuri. Dawa hii huharibu mtoto tumboni, kwa hiyo ni lazima uwe na kinga ya mimba ya uhakika tangu mwezi mmoja kabla ya kuanza hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza. Sasa, karbamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na hata kijiti cha mkononi. Mwanamke anaweza kumeza kidonge chake kila siku akaamini yuko salama, kumbe siyo. Kwangu ilibidi kiwekwe kwanza kitanzi cha shaba, ambacho hakiguswi na dawa za kifafa, ndipo mazungumzo mengine yaendelee. Na ukianza aisotretinoini, doksisiklini na dawa za ukoo wake zinawekwa kando kabisa, kwa sababu zikiwa pamoja zinaweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu: kichwa kinauma vibaya, macho yanaona ukungu. Virutubisho vya vitamini A navyo uache. Ini na mafuta ya damu hupimwa kabla ya kuanza na katikati ya matibabu.

Kwa hali yako, mimi ningeanzia kwenye dawa za kupaka, kwa kuwa zinazoingia kwenye damu ni kidogo sana na haziwezi kugombana na enalaprili. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha, ya asilimia 10 huunguza ngozi zaidi bila faida ya maana. (Inachujua rangi ya nguo na mito, tumia taulo jeupe.) Usiku paka adapaleni kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, siku moja unapaka, siku moja unapumzika, mpaka ngozi izoee. Kama unapanga kupata mtoto, adapaleni iache, uliza kuhusu asidi ya azelaiki. Hiyo inafaa hata kwa wajawazito na inapunguza madoa meusi. Jipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema imeshindwa. Krimu yoyote ya kuondoa madoa yenye steroidi ndani, kama betamethasoni au klobetasoli, ikimbie, kwani yenyewe huzalisha chunusi.

Vidonge vya chuma umevitaja kwa kupita tu, lakini vina uzito. Ukija kuandikiwa doksisiklini, chuma huishika tumboni isifyonzwe, na dawa nyingi za kiungulia hufanya hivyo pia. Mwambie mfamasia akupangie saa za kila kimoja.

Wengine mnaosoma, angalieni pia kama chunusi zilianza baada ya dawa fulani. Prednisoloni, lithiamu, fenitoini na isoniazidi zinaweza kuleta vipele vinavyofanana fanana, vyote vya ukubwa mmoja. Hata hivyo usiiache dawa yako kwa sababu ya uso. Mweleze aliyekuandikia, yeye ndiye anayeweza kubadilisha.

Na wewe dada, ukienda kliniki ya presha beba pakiti zote, pamoja na hiyo ya shoga yako. Omba wapime potasiamu na figo. Kama daktari ataona spironolaktoni inakufaa, huenda akabadilisha kwanza dawa ya presha, na hapo kipimo cha potasiamu kitarudiwa baada ya kuanza.