Faili zinalala mezani, lakini si uvivu

Dada wa Kisumu, umeuliza kama umekuwa mvivu: barua za wananchi zinalala mezani, unashinda kwenye simu hadi saa kumi, kisha usiku hulali kwa kuwaza kazi hiyo hiyo. Mvivu hulala fofofo, dada. Wewe umechoka.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazini kwa dalili tatu: nguvu kuisha, kuikinai kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Umezitaja zote.

Kuhusu likizo unayonyimwa eti "watu ni wachache": Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi kila mwaka, kwa malipo. Andika ombi, peleka masjala, ubaki na nakala yenye muhuri. Bosi akinuna, anune.

Ukisubiri jibu, kila asubuhi kabla foleni haijaanza, chukua faili moja, ile unayoikwepa zaidi, ufanye hatua moja tu. Mara nyingi hatuahirishi faili kwa kuwa ina kazi nyingi. Ina swali tusilojua jibu lake, na tunaona haya kuuliza. Muulize mwenzako wa meza ya pili.

Usingizi usiporudi hata baada ya likizo, nenda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, ile watu huiita "Russia", uombe kuonana na daktari wa afya ya akili. Usingoje uanguke kazini kwanza.