Fyuzi inakatika kila nikiwasha

Swali: Amplifaya yangu ya gitaa la besi (ya transista) hukata fyuzi papo hapo. Je, niweke fyuzi kubwa zaidi?

Jibu: Hapana, utaunguza transfoma. Chomoa plagi, kisha punguza chaji ya kapasita kubwa (vihifadhi chaji) kwa rezista ya omu 1,000, wati 10, mpaka mita ionyeshe chini ya volti 2. Kapasita hizo hupiga shoti hata umeme ukiwa umezimwa.

Rudisha fyuzi ya kiwango kilichoandikwa, halafu unganisha balbu ya nyuzi ya wati 100 mfululizo na waya wa moto. Ya LED haifai. Washa; balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna shoti. Chomoa tena, tenganisha waya za sekondari (upande wa kutoa umeme) za transfoma, ujaribu upya. Ikiendelea kung'aa, transfoma imekufa. Ikizima, chomoa, weka mita kwenye kipimo cha diodi, upime daraja la diodi (diodi nne zinazogeuza AC kuwa DC): kila diodi isome kama volti 0.5 upande mmoja tu. Sifuri pande zote mbili ni shoti. Diodi zikiwa nzima, pima transista za kutoa sauti, kolekta kwa emita (miguu yake miwili); sifuri hapo pia ni shoti. Mara nyingi mkosaji ni hizo, wala si pawa saplai. Spika isiunganishwe mpaka volti chanya na hasi zilingane.