"Picha za Georgia" ni zipi?

Swali:

Mwalimu, shikamoo. Nimeandika makala kuhusu filamu ya mchoraji wa Marekani Georgia O'Keeffe, ile ya televisheni ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Bob Balaban. Joan Allen ndiye Georgia, na Jeremy Irons ndiye mumewe, mpiga picha Alfred Stieglitz. Mhariri amenirudishia sentensi tatu. Ya kwanza: "Picha za Georgia zilizua gumzo New York mwaka 1921." Pembeni kaandika neno moja tu: "Zipi?" Ya pili: "Alfred alimpiga Georgia zaidi ya mara 300." Hapo kaweka alama ya mshangao. Ya tatu, nimeiita filamu hiyo "tawasifu", naye kalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza kaniambia nikasome. Nisome wapi? Na je, Georgia nimwite mchoraji au mpaka rangi?

Msomaji wako, Tanga

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo sentensi ya pili kwa sababu inatisha.

Stieglitz hakuwa mume mwepesi. Alimzidi Georgia miaka 23 na ushee, alianza kuishi naye akiwa bado ni mume wa mtu, na baadaye, wakiwa wameshafunga ndoa, akawa na uhusiano na mwanamke mwingine. Lakini kosa ulilomtwika wewe hakulitenda. Alimpiga picha, zaidi ya 300, kati ya mwaka 1917 na 1937. Kitenzi "piga" katika lugha yetu ni hamali: hubeba chochote kile, simu, pasi, deki, mswaki, mluzi, na maana yote imo katika ule mzigo. Ukiuangusha mzigo, hamali anabaki na ngumi. Studioni, kamera ikiwa mkononi, mtu anaweza kuuliza "nikupige mara ngapi?" na mteja akacheka. Kwenye karatasi kamera haionekani.

Wala usikimbilie "alimchukua picha", ambayo siku hizi imejaa kwenye simu za vijana wetu. Kwa Kiswahili, aliyechukua picha ameitungua ukutani na kuondoka nayo. Bahati nzuri, katika kisa hiki yupo aliyezichukua picha kwelikweli. Georgia, akiwa mwalimu South Carolina, alimtumia rafiki yake Anita Pollitzer michoro aliyoichora kwa mkaa. Tarehe 1 Januari 1916 Anita aliichukua hadi kwa Stieglitz, kwenye ukumbi wake mdogo wa maonesho ulioitwa 291 kwa namba ya jengo lake katika barabara ya Fifth Avenue. Stieglitz akaitundika ukutani mwaka huohuo bila kumwomba ruhusa mwenyewe. Georgia alipopata habari alimwendea kumtaka aitoe. Haikutolewa.

Sasa "Zipi?" ya mhariri wako. Huyo mtu anajua kazi yake, ingawa adabu ya kujibu hana.

Mwezi Februari 1921, katika ukumbi wa Anderson Galleries, New York, Stieglitz alionesha picha alizopiga kwa kamera. Zaidi ya arobaini kati yake zilimwonesha Georgia: mikono yake, shingo, uso, na nyingine mwili wake usio na nguo. Mji ukazungumza. Miaka miwili baadaye, Januari 1923, katika Anderson Galleries hiyohiyo, Stieglitz huyohuyo alipanga maonesho mengine, ya kazi 100 alizozichora Georgia mwenyewe.

Ukiandika "picha za Georgia zilioneshwa Anderson Galleries", umesema kweli kwa mwaka 1921, na umesema kweli kwa mwaka 1923, lakini umesema mambo mawili yanayopingana. Katika lile la kwanza Georgia ndiye aliyetazamwa, na katika la pili ndiye aliyetazama. Na hili si suala la sarufi tupu. Wakosoaji walioziona zile picha za kamera walikuja kutazama michoro yake kwa macho yaleyale, wakatafuta mwili wa mwanamke ndani ya kila ua alilolichora, naye akatumia miaka mingi kuwakatalia. Msomaji wako akichanganya picha hizo na zile, amekosa kiini cha ndoa yenyewe.

Mwenye lawama ni hiki kiambajengo kidogo tunachokiita a-unganifu: ya, za, wa, cha na ndugu zao. Kinaunganisha vitu viwili kisha kinanyamaza, hakikuambii uhusiano wao ni upi. "Picha za Georgia" zaweza kuwa alizozichora, zaweza kuwa zinazomwonesha, zaweza kuwa zile alizonunua na kuziweka sebuleni. Tena kwa mtu wa rika langu aliyezoea kusema "twende picha" akimaanisha sinema, zaweza kuwa ni filamu kuhusu yeye. (Vijana wa Dar es Salaam wamejitatulia hili bila kumuuliza mwalimu yeyote. Sinema wameihamishia ngeli nyingine: "picha linaanza", "picha limeisha". Ya ukutani imebaki "imechorwa", ya sinema "limeisha". Msiwacheke, wana sikio.)

Kwa kawaida a-unganifu haituletei shida kwa sababu tunawajua wahusika. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, na hakuna msomaji aliyewahi kudhani kwamba Siti ndiye aliyeshika kalamu. Tunamjua kwa kuimba. Hali kadhalika "picha za harusi": harusi haina mkono wa kuchora. Lakini Georgia alichora na pia alipigwa picha, kwa hiyo kwake milango yote iko wazi, na msomaji ataingia kwa ule ulio karibu naye.

Dawa ni kitenzi. Kiswahili kina virejeshi na kauli ya kutendwa, na vikikutana vinafanya kazi nzuri ajabu. Sema "picha alizochora Georgia" kwa zile za 1923. Kwa zile za 1921 sema "picha alizopigwa Georgia na Alfred". Itazame hiyo "alizopigwa" kwa makini: "a" ya mwanzo ni Georgia, "zo" ni picha, na "wa" ya mwisho inatuambia kwamba Georgia hakushika kamera bali alisimama mbele yake. Neno moja limewabeba mtu, kitu, wakati, na nani alimfanya nani nini. Ukiona sentensi imelemewa, "picha zinazomwonesha Georgia" nayo inatosha, ila hapo mpigaji anapotea.

Jihadhari tu usije ukaandika "picha zilizopigwa na Georgia", maana umeshampa kamera ya mumewe. Na ukiiacha hiyo "na", ukaandika "picha zilizopigwa Georgia", umetupeleka kwenye jimbo la Georgia huko kusini mwa Marekani. Mama wa watu amezaliwa Wisconsin.

Nimeandika "mpigaji" hapo juu na nimejuta papo hapo. Wote twajua mpigaji ni nani mitaani siku hizi: ni yule aliyekula fedha za mradi. Jina la kazi ya Stieglitz ni mpiga picha, bila "-ji". Kwa ujumla, kitenzi kikiandamana na kitu chake, "-ji" huachwa: mpiga ngoma, mchora katuni, mchora ramani. Kikibaki peke yake, "-ji" hurudi: mchoraji, mwimbaji, mwigizaji. Wingi wake ni wapiga picha. Nimeona "wapiga mapicha" mahali fulani, nikafunga gazeti.

Swali lako la mchoraji au mpaka rangi. Mpaka rangi, kwa masikio ya watu wengi, ana ndoo, brashi pana na ngazi, na anakuja kwako kabla ya Idi au Krismasi. Wengine humwita fundi rangi. Kazi ya heshima, lakini si ya Georgia. Wapo wanaodai kwamba kuchora ni kwa penseli tu, na kwamba anayetumia rangi hachori. Nenda Dar es Salaam kwa wanaofuata njia ya Edward Saidi Tingatinga. Mzee yule alitumia rangi za kung'aa, zile za baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu, wala penseli haikuwa na nafasi kubwa hapo, na bado yeye na waliomfuata tunawaita wachoraji. Watu wameshaamua. Kuchora ni kuleta umbo, liwe la mstari au la rangi. Ukihitaji kutofautisha, taja kifaa: Georgia alichora kwa mkaa, kwa rangi za maji, na zaidi kwa rangi za mafuta. Hili lina faida katika makala yako, kwa sababu ile michoro iliyomfikia Stieglitz mwaka 1916 ilikuwa ya mkaa. Ukiandika "aliipaka rangi" umekosea habari pamoja na lugha.

"Michoro" peke yake nayo hainitoshi kwa kazi zake za mafuta. Naisikia kama ramani ya nyumba inayosubiri muhuri. "Picha za kuchora" kwa zake na "picha za kamera" kwa za mumewe: hivyo ndivyo watu wanavyosema, na ndivyo ningeandika.

Tawasifu. Hapa mhariri yuko sahihi na sina la kukutetea. Wasifu ni maisha ya mtu yakisimuliwa na mwingine, na tawasifu ni maisha ya mtu akiyasimulia mwenyewe. Shaaban Robert alitupa mfano wa yote mawili: ule wasifu wa Siti niliokwisha kuutaja, na Maisha Yangu, ambayo ni tawasifu yake. Georgia alifariki Machi 1986 akiwa na umri wa miaka 98. Filamu ni ya 2009. Haiwezekani awe amejisimulia humo. Nakubali kwamba matumizi yanavuruga watu. Tangazo la kazi linadai "wasifu wako", nawe unajiandikia mwenyewe usiku kucha, wala hakuna anayeuita tawasifu. Ndiyo maana wengine wamebuni "wasifukazi" kwa ajili ya karatasi hiyo, na mimi naliunga mkono.

Hata hivyo nisingeandika "filamu ya wasifu". Si kosa, ila lina harufu ya chaki. Sema "filamu ya maisha ya Georgia O'Keeffe", na kwa kuwa hii inamfuata na mumewe pia, "filamu ya maisha ya Georgia na Alfred". A-unganifu huyo tena, lakini hapa hana madhara, kwani wenyewe wote wameshakufa na filamu hawakuitengeneza.

Kuhusu ndoa, umeandika mahali "mwaka 1924 Georgia alimwoa Alfred", mhariri hakuligusa, nami naligusa. Najua wapo wanaotetea matumizi hayo kwa hoja ya usawa. Katika Kiswahili cha watu wengi bado mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na msomaji atasimama kwenye neno hilo badala ya kuendelea na kisa. "Walifunga ndoa" haina ugomvi na mtu. Halafu usimwite Bi. Stieglitz hata mara moja. Jina lake la kuzaliwa hakulibadilisha baada ya ndoa, na aliitwa O'Keeffe mpaka anakufa.

Na waigizaji: "Joan Allen ameigiza kama Georgia" maana yake, kwa masikio yangu, ni kwamba Georgia naye alikuwa mwigizaji na huyu anamfuatisha. Kitenzi chenyewe kinapokea mtu moja kwa moja. Joan Allen anamwigiza Georgia, Jeremy Irons anamwigiza Alfred. Ukitaka kumwita Joan Allen "steringi", mwite, lakini si kwenye gazeti la mhariri huyu.

Sentensi zako ziwe hivi: "Picha alizopigwa Georgia na Alfred zilizua gumzo New York mwaka 1921." Na: "Alfred alimpiga Georgia picha zaidi ya 300."

Nakuachia moja ya kujipima kabla hujamrudishia makala. "Picha ya Georgia iliuzwa katika mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya dola milioni moja." Mwaka 2006 iliuzwa hapo picha ya mikono yake, aliyoipiga Alfred, kwa karibu dola milioni 1.5. Mwaka 2014 ikauzwa picha ya ua jeupe la mnanaha, aliyoichora yeye mwaka 1932, kwa dola zaidi ya milioni 44. Iandike sentensi hiyo mara mbili, kila picha na yake, bila kutumia "ya Georgia".