Mpangilio ukikosekana, programu igome kuwaka

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Tanga, nawaomba jambo moja kabla ya mengine yote: msiandike anwani ya seva ya laivu, ile inayohudumia wateja wa kweli, ndani ya kodi, yaani maandishi ya programu. Hata kwa muda. Hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

Nilikuwa kwenye timu ya mfumo wa tiketi za mabasi. Anwani ya hifadhidata tuliisoma kwa os.getenv, amri ya lugha ya Python ya kusoma mipangilio iliyo nje ya kodi, na mmoja wetu akaiwekea thamani ya akiba: DB_HOST, jina la mpangilio wenye anwani hiyo, isipopatikana, itumike ile ya laivu. Sote tuliona ni busara. Siku moja kijana mgeni alivuta kodi kwenye kompyuta yake, hana faili la .env linalobeba mipangilio hiyo, akajaribu kipengele cha kuahirisha safari. Programu haikulalamika. Ilikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya abiria wa kweli, ikawatumia meseji kwamba safari imeahirishwa. Nilipofika stendi ya Kange nilimkuta mama mmoja anapakia kapu lake kwenye bodaboda arudi Ngamiani, simu mkononi, na nyuma yake basi lake limeshawasha injini. Yule kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa ule mstari mmoja.

Tangu hapo nasoma mipangilio muhimu kwa os.environ na mabano ya mraba, kama os.environ['DB_HOST']. Jina lisipokuwepo, Python inasimama palepale na kutoa KeyError. Inaudhi, lakini unaudhika wewe peke yako mezani kwako, abiria hajui lolote.

Jingine linalowakamata wengi: kila kitokacho kwenye .env ni maandishi. Ukiandika DEBUG=False kisha ukaipitisha kwenye bool, inayogeuza kitu kuwa kweli (True) au si kweli (False), utapata True, kwa sababu Python huhesabu maandishi yoyote yasiyo matupu kuwa kweli. Linganisha neno lenyewe na 'True'.

Faili la .env liingie siku ya kwanza kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git, chombo cha kutunza historia ya kodi, huyaacha, na pembeni yake weka .env.example yenye majina tu, bila siri. Nywila ikishaingia Git, kuifuta kwenye komiti inayofuata, yaani mabadiliko yanayohifadhiwa baadaye, hakutoshi, maana historia bado inayo. Ibadilishe kwenye seva siku hiyohiyo.

Na kabla hujamkabidhi mwenzako kodi, ondoa .env yako kwa makusudi, fungua terminali mpya, uwashe programu. Ikiwaka, kuna anwani imejificha mahali. Itafute mpaka uipate.