Barua kwa mwanangu: kaa karibu na Fundi

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Jumapili pale Rangi Tatu, daladala ikiwa karibu kujaa, uliniuliza: "Mama, mbona kazi zote za kanisa nazifanya, na moyo wangu bado uko mbali na Yesu?" Nikakwambia panda gari kwanza. Tangu hapo sijatulia, maana swali lile halikuwa la kujibiwa stendi.

Unajua nilijifunza kushona Kariakoo kabla hujazaliwa. Tulikuwa wanafunzi wawili kwa fundi mmoja. Mwenzangu alikuwa mwepesi, kila kitu anatumwa yeye: nyuzi, zipu, vifungo, chai ya wateja. Hakuna duka la vitambaa asilolijua. Mimi nilikuwa kwenye kigoda ubavuni kwa fundi, natoa nyuzi, napiga pasi, naangalia anavyopima bega, anavyopitisha chaki, anavyosita kidogo kabla ya kuingiza mkasi. Miaka miwili ilipopita, mwenzangu akapewa gauni akate. Akashindwa, akalia. Hakuwa mvivu, mwanangu. Alilitumikia duka kwa moyo wote, ila na fundi hakukaa. Machozi yale sijayasahau.

Neno ni hilo hilo, mwanafunzi, ambalo Biblia yetu inawaitia Petro na wenzake. Soma Marko 3:14. Yesu aliwaweka wale kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye", ndipo inafuata habari ya kuwatuma kuhubiri. Kukaa kwanza, kutumwa baadaye. Mimi mwenyewe niliupindua mpango huo miaka niliyokuwa mweka hazina wa akina mama. Biblia niliifungua zamu yangu ya kuongoza ibada ilipofika, basi.

Kwaya usiiache, inakulea. Lakini kamati mbili za harusi kwa mwezi mmoja, hapana; waombe radhi, watapata mwingine. Halafu ukiamka, uombe kabla hujagusa simu. Kule Kapernaumu Yesu aliponya watu hadi usiku, na kesho yake alfajiri akatoka kwenda kuomba mahali pasipo na watu. Petro alipomfuata akamwambia wote wanamtafuta. Kazi ilikuwepo, tena ya kweli, na bado alikwenda kwa Baba yake kwanza. Wewe nani uweze bila sala hiyo?

Anza na Marko huyo huyo, ana sura 16 tu. Usikimbie. Kipande kidogo, ukiulize: hapa Bwana anafanyaje, na mimi leo nifanyeje? Siku nyingine utasinzia, siku nyingine hutasikia chochote. Kaa tu. Mimi kwenye kigoda kile nilisinzia mara nyingi, na mkono wangu ulijifunza hivyo hivyo. Luka, anapoandika habari ya kujitwika msalaba, anaongeza "kila siku", neno ambalo Mathayo na Marko hawakuliweka. Kwangu neno hilo limekuwa faraja: ya jana imekwisha, leo naanza tena.

Ukifika sura ya 11, mstari wa 25, pale Yesu anapotuambia tusamehe tunaposimama kusali, utakwama. Nilikwama hapo miezi kadhaa kwa ajili ya dada yangu na deni lake. Wewe najua utamkumbuka yule mwenzako wa kazini ambaye hamsalimiani tangu Pasaka. Usiuruke mstari huo. Funga Biblia, nenda ofisini, umsalimie wewe kwanza. Jioni unipigie, uniambie alivyoitikia.

Mama yako